Wasiwasi wa ukomo wa hedhi: jinsi ya kuanzisha kikundi cha wanawake ambacho hakitakufa mwezi wa pili

Mmeniandikia wengi na habari ni ileile. Mlikuwa wanawake kumi na kitu, mkafungua grupu la WhatsApp, wiki ya kwanza kila mtu anamwaga ya moyoni na kushukuru, wiki ya tatu zimebaki picha za maua za asubuhi njema na matangazo ya mikopo, na yule dada ambaye moyo unamwenda mbio saa 9 usiku bado yuko peke yake anahesabu mbao za dari.

Nimekaa kwenye kikundi cha wanawake sita hapa Dar mwaka wa nne sasa na kabla ya hicho nilishaona viwili vinakufa mikononi mwangu. Vyote vilikufa kwa sababu moja, tulikuwa tunagawiana dawa badala ya kusikilizana. Kwa hiyo ninachowaandikia hapa ni namna ya kujenga kikundi kidogo ambacho kazi yake ni moja, mtu akishikwa na wasiwasi asiwe peke yake na ajue la kufanya. Fuateni kwa mpangilio, msiruke hatua ya 1 hata kama mna hamu ya kukutana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Wanawake 4 mpaka 7. Wakizidi 7 kuna mtu hataongea.
- Daftari dogo kwa kila mtu, lile la kuingia kwenye pochi. Simu pia inafaa ila kama watoto wanaishika shika simu yako chukua daftari.
- Kipima joto kimoja cha kikundi, vya dijitali vinauzwa famasi.
- Mahali pa kupimia presha. Sio lazima mnunue mashine, famasi nyingi na zahanati wanapima.
- Sehemu ya kukaa ambayo hakuna mtu anapita. Sebule yenye vijana wanaangalia mpira sio sehemu. Sisi tunakaa uani kwa mwenzetu mmoja kwenye mkeka, Jumamosi saa 10 jioni, watoto wakiwa wametumwa.
- Maji ya kunywa, beseni na kanga mbili tatu kuukuu.
- Jina la nesi au daktari mmoja ambaye mnaweza kumpelekea maswali. Hahitaji kuwa mwanachama.

Pesa hazipo kwenye orodha na nimeziacha makusudi. Msichanganye na kikoba jamani, nawaomba. Aliyechelewesha rejesho ataona aibu kuja, na huyo ndo mara nyingi mwenye wasiwasi mkubwa kuliko wote.

## Hatua ya 1: Kila mtu akapime kwanza

Ukomo wa hedhi unahesabika umefika pale unapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, wengi inatokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini shida zenyewe zinaanza kabla, miaka kadhaa kabla, wakati hedhi bado inakuja inaruka. Ndo maana mtu wa miaka 44 anaambiwa "wewe bado" na kumbe yumo ndani kabisa. Na kama unatumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango hedhi inaweza kukosekana kwa sababu hiyo, usiihesabu peke yake, ongea na mtoa huduma.

Sababu ya kupima ni kwamba dalili hizi zinafanana na magonjwa mengine ambayo huku kwetu yapo sana. Jasho la usiku linaweza kuwa TB, hasa kama unapungua uzito au una kikohozi cha wiki 2 na zaidi. Moyo kwenda mbio na kutetemeka inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa upungufu wa damu, na yule anayetoka damu nyingi sana kipindi hiki cha mpito upungufu wa damu uko karibu naye mno. Kuchoka na kukojoa usiku inaweza kuwa sukari. Presha ikifika 140 kwa 90 na ikarudia hivyo hivyo siku nyingine, hiyo ni ya kushughulikiwa.

Na malaria. Joto la ghafla la ukomo wa hedhi linawaka kifuani, shingoni na usoni, linakuja na kuondoka ndani ya dakika chache, na ukiweka kipima joto kwapani hakionyeshi homa. Kikisoma 37.5 au zaidi hiyo ni homa, nenda kapime malaria. Nimeona mtu amemeza dawa ya malaria mara tatu kwa mwaka bila kupimwa hata mara moja, na kumbe lilikuwa joto la ghafla tu.

Onyo. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 ya kukoma, hata matone, hata mara moja, hiyo haisubiri kikao, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza pia kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na zikikamatwa mapema zinatibika. Maumivu ya kifua yanayobana yakienda mkononi au kwenye taya na jasho la baridi, ni dharura, usikae nyumbani ukisema ni homoni.

Umefanikiwa hapa kama kila mmoja ana namba zake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, presha, sukari, wingi wa damu, na anajua kinachomsumbua ni nini na sio nini.

## Hatua ya 2: Waombe watu mmoja mmoja

Usitume tangazo. Ukitangaza wanakuja wadadisi na wenye shida wanajificha.

Anza na mtu mmoja ambaye umemuona mwenyewe, labda kanisani anajipepea na kitabu cha nyimbo wakati wengine wamevaa sweta, au dukani ghafla ameanza kulia kwa chenji ya mia mbili. Mwambie ya kwako kwanza. Mimi nilisema hivi: "Shoga, mimi sa hivi usiku silali, mwili unawaka moto na moyo unanienda mbio kama nimefukuzwa. Wewe je?" Alinyamaza kidogo, akashusha ndoo chini, akasema "kumbe sio mimi tu."

Kwa mtu mzima kwako anza na shikamoo na umpe heshima yake, usimuulize mama wa miaka 58 habari za hedhi umesimama njiani. Kaa naye. Wakubwa ni wa muhimu mno, yeye ameshavuka na atawaambia wadogo kwamba inapita.

Changanyeni, wawili watatu walio katikati ya shida na angalau mmoja aliyevuka. Kikundi cha waliomo ndani ya moto wote kinaogopeshana.

## Hatua ya 3: Sheria nne, zisemwe kwa mdomo kila kikao

1. Kinachosemwa hapa hakitoki, hata kwa mume, hata kwa dada wa tumbo moja.
2. Hakuna kumpa mtu dawa, wala unga wa kienyeji, wala jina la dawa. Kila kitu cha kumeza kinaenda kwa daktari wetu.
3. Mtu akiongea hakuna kukatiza, na hakuna "hayo madogo, mimi nilipata zaidi".
4. Kabla ya kumshauri mtu unamuuliza, "unataka nikusikilize tu au unataka mawazo?"

Sheria ya 4 ndo iliyookoa kikundi chetu. Mwenye wasiwasi kichwa chake kimeshajaa mambo ya kufanya, ukimuongezea kumi anaondoka amelemewa kuliko alivyokuja na kikao kijacho hamumuoni. Tulipoanza kuuliza tukagundua watu wengi walikuwa wanataka kusikilizwa tu.

Sheria ya 2 ina sababu nzito zaidi. Dawa za homoni zinasaidia kweli, hilo nitalisema chini, lakini sio za kila mtu, na unga usiojulikana umechanganywa nini unaweza kuumiza ini au kugombana na dawa za presha.

## Hatua ya 4: Daftari, wiki 2 kamili kabla ya kubadilisha chochote

Kila tukio mstari mmoja. Saa ngapi, nini, dakika ngapi, wasiwasi ngapi kwa 10, nilikula au kunywa nini kabla, nilifanya nini. Wa kwangu mmoja uko hivi:

*Jumanne saa 8 na nusu usiku. Joto halafu moyo mbio. Dakika 4. Wasiwasi 8. Chai ya rangi vikombe viwili saa 3 usiku. Nilikaa kitandani, nikapumua, ukashuka 5.*

Baada ya wiki 2 utaona kitu. Kwangu ilikuwa chai ya rangi, na nilikuwa nabisha kabisa maana nilidhani kafeini iko kwenye kahawa tu. Kwa mwingine ilikuwa pilipili, mwingine bia mbili za Ijumaa, mwingine ni siku za kulipa ada, na kwa huyo hakuna chakula cha kukata, kuna mazungumzo ya kufanya na baba watoto.

Mwisho wa wiki ya pili kila mtu ajibu maswali mawili, ni ya mwanzo kwenye kipimo cha wasiwasi cha maswali 7 kinachotumika hospitali nyingi duniani. Ndani ya wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umesumbuliwa na (a) kujisikia una hofu au roho juu juu, (b) kushindwa kuzuia au kutawala wasiwasi. Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumlisha. Ukipata 3 au zaidi, kikundi peke yake hakitoshi, unahitaji pia mtaalamu akuangalie. Andika tarehe na namba, mtairudia.

## Hatua ya 5: Pumzi ya pingili

Hii mjifunze pamoja mkiwa wazima mchana, kwa sababu saa 9 usiku hakuna anayejifunza kitu.

Kwanza elewa kinachotokea. Homoni ya estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, joto dogo tu inaliona kubwa, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Moyo unakimbia. Sasa akili ikiona moyo unakimbia bila sababu inatafuta sababu, inapata watoto, inapata deni, inapata kifo, hofu inamwaga adrenalini, ile homoni ya mshtuko, na moyo unaongeza mbio. Ni mzunguko. Joto huwezi kulizuia kwa kulikemea lakini mzunguko unaweza kuukata, na mlango wake ni pumzi, hasa ya kutoka.

Fanya hivi. Kaa, mabega chini, fungua kiganja. Kidole gumba kiguse pingili ya chini ya kidole kidogo. Vuta hewa puani polepole ukihesabu 1 mpaka 4. Itoe mdomoni kama unapuliza chai ya moto, ukihesabu 1 mpaka 6. Sogeza gumba pingili inayofuata. Vidole 4 mara pingili 3 ni pumzi 12, na kila pumzi ni kama sekunde 10, kwa hiyo mkono mmoja ni dakika 2. Ukimaliza hamia mkono wa pili. Kwa wengi wetu joto linakuwa limepita kabla mkono wa pili haujaisha, na kidole kinachotembea kinaipa akili kazi.

Siku moja tuko kwenye mkeka mwenzetu joto likampanda palepale, tuliliona, uso ukamlowa, dera likashika mgongoni. Hakuna aliyesema pole wala aliyemfuta. Aliyekaa pembeni yake alinyoosha kiganja chake mwenyewe akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, nne, na sisi wote tukaingia. Mwingine akachovya kanga kwenye beseni akaikamua na kumwekea shingoni nyuma. Alipofika kidole cha shahada akasema "limeshuka". Mpaka leo akiwa kwenye daladala anafanya mkono ukiwa ndani ya pochi.

Onyo. Usivute hewa nyingi kwa nguvu. Ukihisi kizunguzungu au vidole kufa ganzi, unavuta kupita kiasi, punguza iwe ndogo na laini. Na mwenye pumu afuate hesabu yake mwenyewe, asibane.

Fanyeni kila siku asubuhi mkono mmoja hata kama hujisikii vibaya.

## Hatua ya 6: Mwenza wa usiku

Hapa ndo vikundi vingi vinaanguka maana watu wanaahidi "nipigie saa yoyote" na hakuna anayepiga. Anaona aibu kumwamsha mtu.

Gawaneni wawili wawili, mkiwa idadi isiyogawanyika basi watatu mmoja. Mkubaliane ana kwa ana simu inakaaje usiku na neno ni lipi. Sisi neno letu ni "niko macho". Ukilitumia huna haja ya kueleza. Mwenzako akiwa macho anakutumia voisi noti ya dakika moja anahesabu pumzi, akiwa amelala utaikuta asubuhi, na nyie mshakubaliana kwamba kulala sio kosa. Kila mtu arekodi voisi noti ya kuhesabu mapema amtumie mwenzake, uwe nayo kwenye simu hata bando likiisha.

Kwa chumbani weka bakuli la maji na kitambaa karibu, lala na kanga au shuka la pamba na blanketi la nailoni liondoke. Na nisikilizeni hapa, msivue chandarua kwa sababu ya joto. Wengi wanavua, wanapata malaria ya kweli juu ya shida waliyo nayo. Tandika chandarua kikae mbali na mwili, feni ielekee kitandani, na kanga ya maji ikae shingoni.

Ukikaa macho kama dakika 20 toka kitandani, kaa kwenye kiti taa hafifu, usishike simu zaidi ya kusikiliza ile noti. Rudi usingizi ukija. Kitanda kikizoea kuwa uwanja wa mawazo kinakuamsha chenyewe.

Onyo kubwa. Mwenzako akisema hataki kuishi, au anafikiria kujidhuru, ahadi ya siri inaishia hapo. Usimwache peke yake, mwamshe mtu wa nyumbani kwake unayemwamini na mpelekeni hospitali, usiku huohuo. Mkubaliane hili siku ya kwanza ili asione umemsaliti.

## Hatua ya 7: Kikao chenyewe

Kila wiki 2, saa moja na nusu, sio zaidi. Pumzi mkono mmoja. Sheria nne. Kila mtu dakika 7 na daftari lake mkononi, anasoma mistari miwili anayoitaka. Dakika 20 za jambo moja, mfano kuongea na mume kuhusu tendo la ndoa kuuma. Hilo linawatesa wengi na hawalisemi: uke unakuwa mkavu, vilainishi vya maji vipo famasi na vinasaidia, ila mafuta ya kupaka na kondomu haviendi pamoja, kondomu inachanika. Na ndio, mimba bado inaweza kuingia mpaka hedhi ikome miezi 12 kama umevuka 50, au miezi 24 kama uko chini ya 50.

Kikao kikiisha tembeeni pamoja dakika 30 jua likishuka. Mifupa inaanza kupungua nguvu kipindi hiki, kutembea na dagaa wanaoliwa na miba yao vinaisaidia, na cha ajabu maneno mazito mengi kwetu yametoka njiani na sio kwenye mkeka.

## Hatua ya 8: Hospitali nendeni wawili

Kama ulipata 3 au zaidi kwenye yale maswali, au usingizi umeharibika kiasi kazi haiendi, nenda na mwenza wako. Beba daftari. Mimi nilienda peke yangu mara ya kwanza, nikasema "najisikia vibaya", nikarudi na paracetamol. Mara ya pili nikafungua ukurasa, nikaonyesha mara 9 kwa wiki, saa hizi na hizi, mazungumzo yakawa mengine.

Maswali ya kuuliza: Je, homoni zinanifaa mimi? Kwa kawaida mwenye kizazi anapewa aina mbili pamoja, estrojeni peke yake inaweza kunenepesha ukuta wa kizazi na kuleta saratani. Aliyewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi au ugonjwa wa ini aseme kabla ya kitu chochote. Kama homoni hazinifai au hazipatikani hapa, kuna dawa gani nyingine? Zipo, baadhi ya dawa za sonona zinapunguza joto na wasiwasi kwa pamoja, na akikuandikia hizo hajakuita kichaa. Je, kuna mshauri wa kisaikolojia hapa? Matibabu ya mazungumzo yanayofundisha kubadilisha mawazo na tabia yanasaidia wasiwasi na usingizi wa kipindi hiki.

Kazi ya mwenza ni kuandika majibu.

## Hatua ya 9: Pimeni baada ya wiki 6

Rudieni maswali mawili na mlinganishe na ile tarehe ya mwanzo. Msitarajie joto liishe, linaweza kuendelea miaka kadhaa. Mafanikio ni kwamba wasiwasi ulikuwa unapanda mpaka 8 sasa unaishia 5, unashuka ndani ya dakika chache na sio usiku mzima, na kuna angalau mtu mmoja umemtumia "niko macho" na hukuona aibu. Kama namba haijashuka au imepanda, rudini hatua ya 8, daktari akuone upya.

Na mtu akikaa kimya vikao viwili msimuulize kwenye grupu mbele ya watu. Mwenza wake aende nyumbani kwake kwa miguu, na kitu mkononi hata kama ni fungu la mchicha, akae, asubiri chai iletwe, halafu amuulize leo wasiwasi ngapi kwa 10.